Mweusi ana nguvu, Mzungu ana akili: lugha ya watangazaji wa mpira inatufundisha nini?

Namba Nane

Wanajukwaa, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Jumamosi jioni ukikaa kibanda umiza chochote, jaribu kusikiliza maneno badala ya kufuata mpira. Kiungo mwenye asili ya Afrika akipokea pasi utasikia "misuli hiyo", "mwili jumba", "mapafu ya mbwa", "anatumia nguvu". Mzungu akipokea pasi ya aina hiyo hiyo, sehemu hiyo hiyo ya uwanja, utasikia "utulivu", "anaona uwanja mzima", "akili kubwa", "fundi huyu". Hakuna aliyetukanwa, wote wawili wamesifiwa, na ndiyo maana jambo hili linatupita kila wiki bila mtu kushtuka.

Wapo waliolihesabu. Juni 2020 kampuni ya utafiti ya Denmark, RunRepeat, ilitoa matokeo ya kusikiliza mechi 80 za msimu wa 2019/20 kutoka ligi kuu za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa, zilizotangazwa kwa Kiingereza. Walikusanya kauli 2,073 za kumsifu au kumkosoa mchezaji, wakazipanga kwa rangi ya ngozi ya mchezaji aliyetajwa, huku wakizingatia kwamba idadi ya wachezaji wa kila rangi haikuwa sawa. Sifa za akili, asilimia 62.6 zilikwenda kwa wachezaji wenye ngozi nyeupe. Lawama za akili, asilimia 63.33 ziliwaangukia wenye ngozi nyeusi. Likija suala la nguvu, mchezaji mweusi alikuwa na uwezekano wa mara 6.59 zaidi ya mweupe wa kuzungumziwa nguvu zake, na kwa kasi mara 3.38.

Soma tena hiyo 6.59. Haielezwi kwa bahati, wala kwa mtangazaji mmoja mwenye roho mbaya.

Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, PFA, kilishiriki kuutoa utafiti huo, na mtu wao wa masuala ya usawa, Jason Lee, alisema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: mchezaji anayetajwa kila wiki kuwa ana akili anajengewa njia ya kuwa kocha atakapostaafu, na anayetajwa kwa misuli hajengewi. Lee mwenyewe alichezea Nottingham Forest miaka ya 1990 na kufanywa kichekesho cha taifa kwenye kipindi cha televisheni kwa sababu ya nywele zake. Anajua maneno ya wengine yanavyoweza kumfunika mtu mpaka kazi yake isionekane.

Tukija uwanjani kwenyewe, mchukueni N'Golo Kanté, kiungo wa Ufaransa. Kila mtu anazungumzia mapafu yake. Lakini kukata pasi kabla haijamfikia mlengwa ni kazi ya kusoma mchezo. Miguu inawahi kwa sababu kichwa kiliondoka mapema. Mchukueni na Yaya Touré, kiungo wa Ivory Coast. Mwaka 2009 Guardiola, kocha wake pale Barcelona, alimpanga beki wa kati kwenye fainali ya Ulaya pale Roma, dhidi ya Manchester United, nafasi ambayo haikuwa yake, na Barcelona ikashinda 2-0. Msimu wa 2013/14 akiwa Manchester City alifunga mabao 20 ya ligi kutokea kiungo, mengine kwa mipira ya adhabu ambayo haina uhusiano wowote na kifua. Muulize shabiki wa kawaida amtaje Yaya kwa neno moja, utasikia "nguvu".

Magazeti nayo yamo. Desemba 2018 Raheem Sterling, mchezaji mweusi wa Manchester City, aliweka mtandaoni vichwa viwili vya habari vya gazeti moja la Uingereza. Vijana wawili wa Manchester City walikuwa wamewanunulia mama zao nyumba. Tosin Adarabioyo, mweusi, aliandikwa kwamba amemwaga fedha kwenye jumba la kifahari ilhali hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Phil Foden, mweupe, aliandikwa kuwa chipukizi aliyemnunulia mama yake nyumba mpya. Kila neno katika vichwa vyote viwili huenda ni la kweli. Msomaji anamaliza akiwa na kijana mmoja mfujaji na mwingine mtoto mwema.

Sasa swali langu. Sisi tunaotangaza, kuchambua na kubishana kwa Kiswahili, ambao wengi wetu ni weusi, kwa nini tumeyabeba maneno yale yale?

Bekitatu

Mkuu Namba Nane, nimesoma yote na nakuheshimu, ila sikubaliani. Kwanza nguvu ni sifa. Mpira ni mchezo wa mwili, na anayeambiwa ana nguvu hajadharauliwa. Pili, Haaland je? Huyo ni Mnorwe mweupe, na dunia nzima inamwita mashine, jitu, roboti. Tatu, Adama Traoré ana misuli kama mbeba vyuma. Nikimwona nifunge macho? Mnaanza kutafuta ubaguzi mpaka kwenye pongezi.

Namba Nane

Bekitatu, asante kwa kujibu kwa hoja. Haaland ni kweli, na hesabu ile haisemi kwamba hakuna Mzungu anayesifiwa nguvu. Inapima maelfu ya kauli, upande upi unalemewa na neno lipi. Na msikilize vizuri Haaland anavyotangazwa: baada ya "mashine" huja maelezo ya namna anavyojificha nyuma ya beki na kuchagua muda wa kuondoka. Anapewa vyote viwili.

Kuhusu "nguvu ni sifa", tuangalie sifa hiyo ikifika ofisini inafanya kazi gani. Novemba 2014 Willy Sagnol, wakati huo kocha wa Bordeaux, alikaa na wasomaji wa gazeti la Sud Ouest akaeleza faida za mchezaji wa Kiafrika: hagharimu sana ukimsajili, yuko tayari kupambana, ana nguvu. Akaendelea kwamba mpira pia ni ufundi, akili na nidhamu, na kwamba wachezaji wa kutoka Ulaya ya Kaskazini wana fikra nzuri. Aliomba radhi baadaye. Lakini tazama sentensi ilivyojengwa: nusu ya kwanza ni pongezi tupu, na nusu ya pili inapata maana kwa sababu ya ile ya kwanza.

Kabla yake, Novemba 2010, viongozi wa ufundi wa shirikisho la Ufaransa walikutana, kocha wa taifa Laurent Blanc akiwemo. Mediapart, tovuti ya habari ya Ufaransa, waliyafichua mazungumzo hayo Aprili 2011. Walikuwa wanajadili kupunguza vijana wenye uraia wa nchi mbili kwenye vituo vya kulelea vipaji, kuanzia umri wa miaka 12 au 13. Humo Blanc alilalamika kwamba vituo vinazalisha watu wale wale, wakubwa, wenye miili, wenye nguvu, na akasema hao kwa sasa ni weusi. Akatoa mfano wa Wahispania, kwamba wao hawana tatizo hilo. Uchunguzi wa wizara ya michezo haukumtia hatiani, na hilo ni haki kulisema. Ila mkutano huo haukuwa na neno moja la kejeli. Ulikuwa na "mwenye nguvu", neno lako la sifa, na hapo lilitumika kuulizana watoto wangapi wafungiwe mlango.

Na Kanté huyo huyo alikulia Ufaransa hiyo hiyo. Akademi zilimkataa kwa sababu ya umbo dogo, akabaki Suresnes, klabu ya ridhaa, mpaka alipokwenda Boulogne mwaka 2010. Mimi naona kipimo kile kile kilimuumiza kwa upande wa pili: kijana mweusi asiye na mwili hawakujua wamweke wapi.

Mwana wa Kisauni

Ndugu zangu, niongeze la Mombasa. Mnakumbuka usiku wa tarehe 8 Desemba 2020, PSG na Istanbul Başakşehir? Mwamuzi wa akiba, Mromania, alitaka kumwonyesha mwamuzi wa kati ni nani kwenye benchi anayestahili kadi. Akamtaja Pierre Webó, kocha msaidizi kutoka Cameroon, kwa kusema "yule mweusi", kwa Kiromania. Wachezaji wa timu zote mbili wakatoka uwanjani, na mechi ikamaliziwa kesho yake kwa waamuzi wengine.

Walimtetea kwamba kwa Kiromania neno lile ni rangi tu. Ni kweli, ni rangi tu. Lakini Demba Ba, mshambuliaji wa Başakşehir, alimfuata akamwuliza, na swali lake halijanitoka kichwani: ukimtaja mweupe husemi "yule mweupe", unasema "yule jamaa", basi kwa nini ukimtaja mweusi useme "yule mweusi"?

Hapo ndipo nilipojiuliza kuhusu kwetu. Mtaani kila mwenye duka ana jina: kwa Mzee fulani, kwa Mama fulani. Kasoro mmoja, ambaye babu yake alifungua duka lile kabla baba zetu hawajazaliwa. Huyo ni "Mhindi". Watoto wanatumwa "kwa Mhindi". Hakuna aliyemtukana, ila kila siku anakumbushwa kwamba yeye ni wa kuja. Serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi Julai 2017. Tangazo limetoka, mdomo wa mtaa haujabadilika.

Mwalimu wa Kiswahili

Wanangu, mmeufungua mlango ninaoupenda. Kiswahili kina njia yake ya kumpandisha na kumshusha mtu ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni ngeli. Mtu anakaa A-WA, pamoja na wanyama. Ukitaka kumdhalilisha huhitaji tusi, unamhamisha nyumba: Mhindi anakuwa "kihindi", Wazungu wanakuwa "mazungu", mtu anakuwa "jitu" au "kijitu". Kiambishi kimoja kimemtoa kwenye watu kikamweka kwenye vitu.

Linaloniuma zaidi ni "miafrika". Humu mtandaoni limezoeleka kabisa: treni ikichelewa, miafrika, timu ikifungwa, miafrika ndivyo tulivyo. Tazameni lilivyoundwa. Waafrika wametolewa A-WA wakapelekwa kwenye ngeli ya miti na milima, kisha anayesema anajiingiza mwenyewe humo kwa "tulivyo". Sijawahi kusikia mtu akiandika "mizungu" pale timu ya Ulaya inapofungwa kizembe. Kosa la Mzungu linabaki la mtu mmoja aliyekosea. La kwetu linafanywa la ukoo mzima.

Msinielewe vibaya, ukubwa na udogo si vibaya kwa asili yake. "Jitu" la hadithi ni tamu, na Haaland akiitwa jitu sina neno. Shida ni pale ngeli ya kudogosha inapotengewa kundi moja la watu.

Dada wa Columbus

Shikamoo Mwalimu. Naandika nikiwa Ohio, na huku mpira wao wa Kimarekani, ule unaobebwa na kurushwa kwa mikono, una historia hiyo hiyo kwa uwazi wa kutisha. Nafasi ya quarterback ndiyo ya anayeamua shambulizi lote na kurusha mpira. Kwa miongo mingi iliaminika ni nafasi ya "wenye kichwa", na kijana mweusi aliyeicheza vizuri chuoni alihamishwa kuwa mkimbiaji au mpokeaji kwa kuwa "ana mwili wa michezo". Ni sifa tena, Bekitatu.

Warren Moon, quarterback mweusi, aliiongoza timu ya chuo chake kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978 na kuwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka huo hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliyomchagua. Alikwenda Kanada, Edmonton, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo, ndipo mwaka 1984 akapewa nafasi Houston. Mwaka 2006 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo, mweusi wa kwanza kutoka nafasi ile. Mnadhani hayo yalikwisha? Mwaka 2018 kiongozi mstaafu wa timu za NFL mwenye heshima kubwa, Bill Polian, alishauri Lamar Jackson, quarterback mweusi, ahamishwe kuwa mpokeaji. Msimu wa 2019 Jackson alikuwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote 50.

Watu hawa walijua mpira kuliko mimi na nyie. Waliona wanachokijua jina lake, na akili kwa mtu mweusi hawakuwa na jina lake.

Mtoto wa Mtwara

Dada umesema. Na haya hayakuzaliwa na televisheni. Wakoloni walitupanga hivyo hivyo: makabila haya ya kivita, yale ya kubeba mizigo, yale ya ukarani. KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki lililoanzishwa 1902, lilimtaka Mwafrika mwenye kifua na miguu ya kutembea, na uofisa ukabaki wa Wazungu karibu hadi uhuru. Askari hodari alisifiwa sana. Ramani hakupewa.

Sauti ya Uwanjani

Habari zenu. Mimi natangaza mpira kwenye redio ya jamii, kwa hiyo niseme yanayotokea ndani ya kibanda cha matangazo. Mchezo wa Ulaya tunautangaza kwa kutazama picha, na maandalizi yetu karibu yote yanatoka kwenye kurasa za Kiingereza. Tukisoma huko kwamba fulani ni "nguvu na kasi", tunatafsiri na kusonga mbele. Utafiti aliouleta Namba Nane ulisikiliza Kiingereza, lakini maji ya mfereji huo yanafika mpaka kwetu.

La pili ni muda. Mpira unakwenda, una sekunde mbili za kujaza, unalikamata neno lililo karibu na mdomo. Na neno lililo karibu ni lile lililotumika mara nyingi. Ndiyo maana kuwaambia watangazaji "msibague" hakusaidii kitu. Asilimia kubwa hawana nia hiyo.

Nilichokiona kinasaidia ni kuacha kumpamba mchezaji na kusema alichokifanya. Badala ya "nguvu za ajabu", sema "ameweka mwili kati ya mpira na beki, amegeukia mguu wa kushoto". Badala ya "mapafu", sema "aliiona ile pasi kabla haijapigwa, akasogea hatua tatu". Msikilizaji wa redio haoni picha, anakushukuru zaidi kwa hatua tatu kuliko kwa mapafu. Na ukishaanza kueleza kitendo, akili inajitokeza yenyewe hata kwa yule uliyezoea kumwita jembe.

Namba Nane

Sauti ya Uwanjani, hilo ndilo nililokuwa nalihitaji, asante sana. Mwalimu, shikamoo, na naomba hoja yako ya ngeli uifungulie uzi wake.

Niseme la nyumbani, maana sitaki tumalize kwa kuwanyooshea kidole Wafaransa. Sikilizeni mjadala wetu kila timu ya taifa inapotafuta kocha. "Kocha mzawa" linatamkwa kwa sauti ya huruma, kama mtu wa muda wa kushikilia funguo. "Kocha Mzungu" linatamkwa kama jibu, kabla hatujauliza amefundisha wapi. Timu ikipiga pasi nyingi tunasema inacheza "mpira wa Kizungu". Ikipoteza kwa kutojipanga, tunasema "mpira wetu wa Kiafrika". Nani alitufundisha kwamba mpangilio una rangi?

Kwenye Kombe la Dunia la 2022 pale Qatar, timu zote tano za Afrika zilifundishwa na Waafrika, kwa mara ya kwanza. Walid Regragui aliifikisha Morocco nusu fainali kwa ulinzi uliopangwa kwa sentimita. Emerse Faé aliichukua Ivory Coast katikati ya mashindano, kocha Mfaransa akiwa ameshaondoka, akatwaa AFCON Februari 2024. Hapa kwetu, Hemed Suleiman "Morocco" alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya mashindano hayo hayo, na tarehe 19 Novemba 2024 tukaifunga Guinea 1-0, bao la Simon Msuva, tukafuzu AFCON iliyofuata. Nilisoma maoni usiku ule. "Bahati", "moyo wa kupambana", "uzalendo". Mbinu hazikutajwa na mtu, na mbinu zilikuwepo: timu ilijua muda wa kupanda na muda wa kukaa.

Kocha wa Ulaya akishinda Afrika anaitwa mchawi mweupe, na hata uchawi huo unahesabiwa kuwa maarifa. Mwafrika akishinda, tunamtafutia mganga wake.

Hili linanigusa kwa sababu nina vijana wa miaka 14 ninaowafundisha mpira jioni. Mrefu kuliko wote anataka kucheza kiungo wa juu, na kila mzazi anayepita ananiambia, "huyo mpeleke beki, ana mwili". Ana jicho la pasi ambalo sijaliona kwa mwingine yeyote pale.

Bekitatu

Namba Nane, kwa Kanté nimekubali. Na hilo la "kocha mzawa" limenigusa, nimelisema mara nyingi sana na nitalitafakari. Huyo kijana wako mwache kiungo, wazazi wazoee.

Ila kwa Adama Traoré bado nimesimama. Yule ni mbio na misuli, akifika mwisho wa uwanja mpira unaishia jukwaani.

Namba Nane

Msimu ule ule wa 2019/20 uliopimwa na utafiti, Adama alitoa pasi 9 za mabao Ligi Kuu akiwa Wolves. Tafuta zile alizompa Raúl Jiménez. Zima sauti ya mtangazaji, uangalie muda anaoinua kichwa na mahali anapoudondosha mpira, halafu urudi hapa useme ulichokiona.

Bekitatu

Naziangalia usiku huu. Haaland sijamwacha, tutarudi kwake.